Kamongo, Kayabo na Seli Zinazoishi Chumvini

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, hatua chache kutoka mwaloni kisiwani Ukerewe, kulikuwa na banda la kutilia samaki chumvi. Sangara alipasuliwa mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, akapakwa chumvi kiganja kwa kiganja na kulazwa juu ya mwenzake mpaka rundo linifike kifuani. Mwaka ulikuwa 1986, nami nilikuwa na miaka 12. Asubuhi ya pili sakafu ya banda ilikuwa imejaa maji ya rangi ya kutu, na rundo lenyewe limeshuka.

"Bibi, maji haya nani kayamwaga?"

"Hakuna aliyeyamwaga, mjukuu wangu. Ni ya samaki mwenyewe. Chumvi ikikukuta umelala, inakunywa."

Samaki yule, akishaanikwa, ndiye kayabo. Alifungwa kwenye magunia, akavushwa kwa boti hadi Mwanza, akapanda treni hadi Kigoma, kisha akavuka ziwa jingine kwenda Kongo. Alikuwa mgumu kama soli ya kiatu, na mpishi asipomloweka usiku kucha halainiki. Nilikua nikiliamini neno la bibi kwamba chumvi hunywa.

Miaka mingi baadaye nikawa mwalimu wa fiziolojia kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, huko huko kanda ya ziwa. Somo la figo nililipenda kupita yote. Nilichora ubaoni figo mbili zinazochuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na mwisho wa yote zinatoa mkojo wa lita moja na nusu hivi. Nilichora vijirija viitwavyo nefroni, milioni moja hivi katika kila figo. Nilichora pia ile sehemu ya ndani, medula, ambayo ukiikata figo ya mbuzi kwa urefu utaiona ina michirizi inayoelekea katikati. Nikawaeleza kwamba ukolezi wa damu ni kama miliosmoli 290 kwa kila kilo ya maji, lakini kadiri unavyozama ndani ya medula ukolezi hupanda, na kwa mtu aliyeshinda na kiu huweza kufika 1,200. Maji ya bahari yana kama 1,000.

Binti mmoja wa safu ya nyuma, mtoto wa mvuvi wa Ukara, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Seli za huko ndani zinaishije? Mbona hazikauki kama kayabo?"

Darasa lilicheka. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Nilikuwa nimelifundisha somo lile miaka 11, na swali hilo halikuwahi kunijia, mimi niliyekulia kwenye banda la chumvi. Nilimwahidi jibu juma lijalo. Ilinichukua zaidi ya juma, maana jibu lenyewe lina historia ndefu, na njia moja ya historia hiyo inapita kwenye ziwa letu.

Mwaka 1928 alikuja Ziwa Victoria Mmarekani mmoja, Homer Smith, mzaliwa wa Denver. Mwaka huo huo alikuwa amepewa uprofesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha New York. Hakuja kutazama simba. Alikuja kumtafuta kamongo.

Sisi wa ziwani kamongo tunamjua. Ni samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno yanayoweza kumwacha mvuvi bila kidole, na anaweza kupita urefu wa mita moja. Ana matamvua, lakini ana mapafu pia, na ukimzuia asipande juu kuvuta hewa atakufa maji akiwa majini. Waganda humwita mmamba, na upo ukoo mzima unaobeba jina lake na kwa hiyo haumli. Dimbwi likikauka anaweza kujichimbia kwenye tope, akajikunja mkia ukiufunika uso, na ute wa mwili wake ukakauka ukawa ganda jembamba kama karatasi, lenye tundu dogo kwenye mdomo la kupitishia pumzi. Humo anaweza kukaa miezi mingi, hata kupita mwaka, akisubiri maji.

Smith alitaka kujua figo ya mnyama wa namna hiyo inafanya nini. Aliwaweka kamongo kwenye tope lililokauka, akawapima uzito, akapima hewa wanayoivuta. Matokeo aliyatoa kuanzia mwaka 1930, na yanastahili kusomwa taratibu. Kamongo aliyelala topeni hupunguza matumizi yake ya hewa hadi yawe kidogo mno. Hula misuli yake mwenyewe. Hakojoi kabisa. Takataka za protini anayoila ndani ya mwili wake, ambazo kwa samaki aliye majini hutoka zaidi kama amonia, yeye huzigeuza urea, na urea hiyo hurundikana mwilini mwezi baada ya mwezi. Maji yakirudi, anaamka na kuitoa.

Mwaka 1932 Smith alitoa riwaya inayosimulia mazungumzo ya mwanasayansi na padre wakiwa safarini melini, na akaipa jina la samaki huyo huyo, *Kamongo*. Nilipojua hilo nilifurahi kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza asiyezaliwa kule. Jina tulilolitamka tukiwa watoto uchi mwaloni lilikaa kwenye madirisha ya maduka ya vitabu ya New York miaka 54 kabla ya rundo lile la bibi yangu.

Ila Smith aliondoka topeni na swali moja mkononi, akaliacha lingine pale pale. Alilolichukua lilikuwa la figo nzima: viungo hivi vilitoka wapi, na viliwezaje kumtoa kiumbe majini akaishi nchi kavu. Hilo alilifanyia kazi maisha yake yote, na wengi wetu tunaofundisha fiziolojia ya figo leo tunafundisha kwa vipimo alivyovisimika yeye. Aliloliacha ni la seli. Urea kwa wingi hulegeza protini, nazo protini zikilegea hazifanyi kazi. Seli zilizoogeshwa katika kitu hicho zinajilindaje? Kwa zaidi ya miaka 40 swali hilo lilibaki pembeni, kwa sababu kila mtu alikuwa akiutazama mrija na kuulizia mkojo.

Na mrija ulikuwa na fumbo la kutosha. Mwaka 1862 Mjerumani Jakob Henle, akiwa Göttingen, alieleza kwamba nefroni zina kitanzi: mrija unashuka ndani ya medula, unapinda kama pini ya nywele, unapanda tena ulikotoka. Kitanzi hicho kilibeba jina lake, lakini kazi yake haikujulikana kwa miaka 80. Aliyekuja na wazo hakuwa hata daktari. Werner Kuhn alikuwa mkemia wa Basel, Uswisi, na mwaka 1942 yeye na mwenzake Ryffel walisema kwamba mirija miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, maji yakienda huku na kurudi huku, inaweza kukuza tofauti ndogo ya ukolezi ikawa kubwa sana.

Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaeleza kwa mfano wa mama anayeuza nyanya. Faida yake kwa debe moja ni ndogo. Lakini akiizungusha faida hiyo hiyo, akanunua debe jingine na jingine, jioni anaondoka na fungu ambalo hakuna debe moja lingempa. Mkono wa kitanzi unaopanda husukuma chumvi nje bila kuruhusu maji kuifuata, na tofauti inayopatikana kila mahali ni ndogo, kama miliosmoli 200. Ikizungushwa urefu wote wa kitanzi, chini kabisa unapata 1,200. Panya wa jangwani kule Arizona, ambao Knut na Bodil Schmidt-Nielsen waliwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1940, wanaweza kuishi bila kunywa tone la maji, na mkojo wao unapita 5,000.

Ushahidi ulikuja kwa barafu. Mwaka 1951 Heinrich Wirz, Bartholomé Hargitay na Kuhn waligandisha figo za panya, wakazikata vipande vyembamba, wakaviweka chini ya hadubini na kuacha joto lipande polepole. Barafu yenye chumvi nyingi huyeyuka mapema. Walikaa wakitazama ni wapi fuwele zinaanza kuyeyuka, wakaona zinatangulia zile za ncha ya medula, kisha tabaka kwa tabaka kuelekea nje. Na katika kila tabaka mirija yote ilikuwa na ukolezi mmoja. Kila nilipolisimulia jaribio hili darasani nilisikia kimya kinatanda. Halina mashine kubwa. Ni macho, baridi na subira.

Homer Smith hakukubali. Alikuwa mkuu wa fani yake wakati huo, na alilipinga wazo la kitanzi kwa miaka. Mwaka 1958 Carl Gottschalk na Margaret Mylle wa North Carolina walichoma nefroni za wanyama hai kwa sindano nyembamba za kioo, wakanyonya tone la majimaji mahali hapa na pale, na matone yakasema kama Kuhn alivyosema. Mwaka uliofuata Smith aliandika makala ndefu akalikubali wazo hilo hadharani. Alikuwa na miaka 64. Kwangu ukurasa huo una thamani sawa na vipimo vyake vyote vya kamongo.

Basi chumvi ya medula ikawa imethibitishwa. Seli je?

Fikiria zinapokaa. Seli ni mfuko wenye ngozi inayopitisha maji. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji hutoka na seli hunywea, kama sangara wa bibi. Seli hai haikubali kunywea: ndani ya dakika chache huingiza chumvi kutoka nje, maji huifuata, na ukubwa wake hurudi. Ila hapo imeponyoka mtego mmoja ikaingia mwingine, kwa sababu chumvi ikizidi ndani huvuruga protini, na hata nyuzi za DNA hukatika. Lazima kipatikane kitu kingine cha kujaza ndani, kitu cha kuvuta maji kisichogusa kazi za seli.

Dokezo la kwanza lilitoka kwenye figo za mbwa. Mwaka 1956 Mjerumani Karl Ullrich alikuta medula imejaa kemikali iitwayo gliserofosfokolini, nyingi kuliko sehemu nyingine za figo. Dokezo la pili lilikuwa la zamani zaidi na lilitoka baharini. Tangu mwaka 1858 Städeler na Frerichs walijua kwamba mwili wa papa umejaa urea, kiasi ambacho kingepaswa kumlemaza. Ilichukua hadi 1979 ndipo Paul Yancey na George Somero wakaonyesha kwamba papa ana dawa yake: kemikali nyingine za kundi la methilamini, ambazo hukaza protini pale urea inapolegeza, sehemu moja ya dawa kwa kila sehemu mbili za urea. Miaka mitatu baadaye wao na wenzao waliuweka utaratibu huu mezani kwa viumbe wengi, kutoka bakteria hadi mimea hadi wanyama wa baharini. Kila anayeishi na kiu au chumvi hukusanya moja ya kemikali chache zile zile.

Ndipo watu wa figo walipogeuka kutazama seli zao. Kule Bethesda, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikuwapo Maurice Burg, mtu ambaye katika miaka ya 1960 alifaulu kuchomoa nefroni moja ya sungura kwa mikono na kupitisha maji ndani yake. Mwenzake Robert Balaban alikuwa na mashine za mwangwi wa sumaku zinazoweza kuzitambua kemikali ndani ya nyama. Mwaka 1986 Serena Bagnasco na wenzake, wakiwamo hao wawili, walizitaja kemikali zinazojaa katika seli za medula ya ndani: sorbitoli, inositoli, betaini na ile gliserofosfokolini ya Ullrich. Mwaka ule ule nilipokuwa nikimuuliza bibi maji yametoka wapi, wao walikuwa wanaandika kwa nini ya figo hayatoki.

Sorbitoli utaikuta kwenye pipi zisizo na sukari na kwenye dawa nyingi za kikohozi. Seli huitengeneza yenyewe kutoka glukosi kwa kutumia kimeng'enya kimoja, na hapa pana jambo lililonishika kuliko yote. Kimeng'enya hicho tayari kilikuwa na sifa mbaya. Madaktari wa macho walikuwa wakikilaumu kwa mtoto wa jicho wa wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa glukosi ikizidi kwenye lenzi hugeuzwa sorbitoli, lenzi huvuta maji na kuharibika. Walikuwa wanatafuta dawa za kukizuia. Lakini mwaka 1987 Bagnasco, Burg na wenzao walichukua seli za medula ya sungura zilizozoeshwa kuishi kwenye chumvi nyingi, wakaona chumvi ikipandishwa seli zinaunda kimeng'enya hicho kwa wingi na kujaza sorbitoli. Katika majaribio yaliyofuata walitia dawa ya kukizuia, na kwenye chumvi nyingi seli zilizopona zikawa chache. Mwivi wa jicho ndiye mlinzi wa figo. Betaini na inositoli nazo huingizwa kutoka nje kupitia milango maalumu, ambayo jeni zake zilipatikana mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore.

Nani anayeamuru milango ifunguliwe? Mwaka 1999 kundi la Moo Kwon hapo Baltimore lilimpata: protini iitwayo TonEBP. Kundi la Anjana Rao huko Boston lilikuwa limeikuta protini hiyo hiyo kwa njia nyingine, nalo likaiita NFAT5. Chumvi ikizidi, protini hii hukusanyika kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kimeng'enya cha sorbitoli na za milango ya betaini na inositoli, pamoja na za protini zinazowasaidia wenzao wasipotoke kwenye shida. Kati ya panya waliotungwa bila jeni yake ni wachache waliofika hata kuzaliwa, na waliofika figo zao, hasa medula, zilikuwa zimesinyaa. Hilo liliandikwa mwaka 2004. Niliposoma nilirudi akilini kwenye rundo la bibi, maana huo ndio ulikuwa mfano mzima: figo iliyonyimwa maarifa ya chumvi huelekea kuwa kayabo.

Jambo ambalo vitabu hulipita haraka ni muda. Kunywea ni sekunde. Kuingiza chumvi ni dakika. Kuwasha jeni, kuunda kimeng'enya na kujaza sorbitoli ni saa nyingi, hata siku. Kurudi nyuma ni upesi zaidi: ukinywa maji mengi na ukolezi wa medula ukashuka, seli hufungua njia na kumwaga sorbitoli na wenzake ndani ya dakika, zisije zikavimba.

Nilipomaliza kulitafuta jibu, yule binti wa Ukara alikuwa amehitimu na kupangiwa zahanati kisiwani. Nilimpigia simu jioni moja, nikamsimulia yote niliyoyaandika hapa, pamoja na neno la bibi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, Mwalimu, seli za figo chumvi haizikuti zimelala."

"Hazilali, mwanangu. Ila zinahitaji muda."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kuhusu ubongo. Nikamwambia ndiyo, seli za ubongo nazo hukusanya inositoli na wenzake damu inapokolea, na polepole zaidi; ndiyo maana mtoto aliyekaukiwa na sodiamu ikapanda kwa siku kadhaa hatakiwi kushushiwa maji kwa pupa, maana seli zilizojaza vitu ndani huvimba.

"Nauliza kwa sababu ya chumvichumvi ya watoto wanaoharisha," akasema. "Kina mama wengine wanapasua pakiti moja wanaitia kwenye kikombe. Wanasema ikiwa kali ndiyo inatibu."

Pakiti hiyo imetengenezwa kwa lita moja. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza ukolezi wake kutoka miliosmoli 311 hadi 245, chini kidogo ya damu yenyewe. Ukiikoroga kwenye nusu lita umezidisha ukolezi mara mbili, na ukiikoroga kwenye kikombe umempa mtoto mdogo kitu kinachokaribia bahari, wakati figo yake bado haijaweza kukoleza mkojo kama ya mtu mzima.

Nilimtembelea mwaka uliofuata. Dirishani mwa zahanati kulikuwa na chupa ya plastiki ya lita moja, imepigwa mstari mwekundu kwa kalamu ya wino mzito mahali maji yanapopaswa kufika. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yake na mtoto mgongoni, ameshika pakiti, na muuguzi alikuwa akimwonyesha mstari kwa kidole.